Namna ya Kumtambua Bingwa wa Figo

Figo haziumi mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake huku bado analima ngano Mbulumbulu, Karatu, au anachunga ng'ombe Endulen, Ngorongoro. Ndiyo maana umahiri wa daktari wa figo huonekana zaidi kwa mgonjwa ambaye bado anatembea.

Elimu. Bingwa bobezi husoma udaktari miaka 5, hufanya mazoezi ya kazi mwaka 1, husomea magonjwa ya ndani, kisha figo zenyewe. Usajili wake uko Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuuliza si utovu wa adabu. Ila vyeti ni mwanzo tu.

Maswali. Anayeijua Karatu atauliza kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu unayonunua dukani mgongo ukikaza baada ya palizi, magadi ya kulainishia maharage, na mizizi inayochemshwa kwenye supu kule Ngorongoro. Atauliza bila kukemea, kwa sababu mzee akikemewa mara moja hataji tena dawa zake.

Namba. Hapa ndipo ufundi unapojidhihirisha. Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ikiwa mikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25, ni figo zinazochuja mililita 80 hivi kwa dakika. Namba hiyohiyo kwa mama wa miaka 60 ni kama 50. Daktari anayetazama karatasi tu atasema wote wazima. Bingwa huangalia umri na jinsia, hupima protini kwenye mkojo, na hurudia vipimo baada ya miezi 3 kabla ya kuuita ugonjwa sugu.

Mikono yake na yako. Atabonyeza muundi kwa kidole gumba aone kama shimo linabaki. Figo zikizidi kudhoofu, atakuambia usichomwe sindano kwenye mkono usioutumia sana: mishipa yake itahitajika siku ya kusafishwa damu. Wengi hukumbuka jambo hili mishipa ikiwa imeshaharibika.

Ukweli. Kusafisha damu ni mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Kwa mtu wa Endulen hiyo ni kuhama nyumbani. Bingwa huuliza mapema utalala wapi na nani atalipa. Pia hutaja upandikizaji, unaofanyika nchini tangu 2017 Muhimbili na 2018 Benjamin Mkapa, Dodoma, na hueleza kwamba ndugu atakayetoa figo lazima apimwe na aridhie mwenyewe.

Barua. Ukipewa rufaa kutoka Karatu kwenda hospitali ya KCMC, bingwa mwema humrejeshea daktari aliyekutuma majibu yanayosomeka: dawa gani, kipimo gani, lini.

Daktari asiyeuliza dawa unazotumia wala kupima mkojo wako, tafuta mwingine. Nawe mwenye presha au kisukari, pima mkojo na kreatinini kila mwaka, hata ukijiona mzima.