Pongezi kwa wapunguza makali

Dawa ya sumu ya nyoka mara nyingi huanzia mwilini mwa farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka damu yake ijae kingamwili, kisha damu hiyo huchukuliwa na kusafishwa. Mgonjwa akipona anashukuriwa daktari. Farasi, aliyebaki na uvimbe na vidonda vya sindano, hatajwi.

Pongezi zangu ziwaendee watafiti wa São Paulo, Brazil, waliomkumbuka. Hapo ipo taasisi ya Butantan, ya tangu 1901, iliyoongozwa kwanza na Vital Brazil, daktari aliyeonyesha kwamba dawa ya nyoka wa aina moja haimfai aliyeumwa na wa aina nyingine. Ili mnyama asiumie sana, zamani sumu ilipunguzwa makali kwa formalini, kama ifanywavyo kwa chanjo ya pepopunda. Watafiti wa Butantan, pamoja na wenzao wa taasisi ya nyuklia ya IPEN, waliichukua sumu ya nyoka mwenye njuga mkiani, inayopoozesha misuli na kuharibu figo, wakaiyeyusha na kuipiga mionzi ya gamma ya kobalti-60, kwa kipimo cha grei 2,000.

Ufundi wenyewe uko kwenye kipimo. Mionzi ikizidi, protini huvurugika hata mwili usizitambue. Ikipungua, mnyama anaumia bure. Kwa kipimo chao sumu ilipoteza sehemu kubwa ya ukali, na bado wanyama waliodungwa walitengeneza kingamwili za kuizima sumu halisi. Kazi ya subira hiyo, na kwa maoni yangu ya utu pia.