Uzito wa Mzinga: Namna ya Kuchagua Gogo Lililochongwa Vizuri

Kutoka Mpanda mjini hadi Inyonga, na kutoka Inyonga hadi kambi za warina asali ndani ya miombo ya Mlele, mzinga husafiri kwa gari, kwa baiskeli, na mwisho kwa bega la mtu. Ukifika hupandishwa juu ya mti kwa kamba. Ndiyo maana mnunuzi wa Katavi huuliza uzito kwanza, na ana haki. Lakini kuna wepesi unaotoka mikononi mwa fundi, na kuna wepesi wa kupunja. Mwenye kujua mizinga huutambua kila mmoja kabla hajatoa pesa.

Mti wenyewe

Kwa mzinga wa gogo, mninga hauna mpinzani. Kiini chake hakisinyai sana kikikauka, hakipindi ovyo, na mchwa hawakipendi. Tazama ncha ya gogo: kiini kina rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, na sehemu ya nje ni nyeupe. Weupe huo ndio unaoliwa na wadudu wanaotoboa mbao. Fundi makini huumenya wote. Mvivu huuacha ili gogo lionekane kubwa.

Uliza pia gogo limetoka wapi. Lililo bora ni la mti ulioanguka wenyewe, au kipande kilichobaki baada ya uvunaji wenye kibali. Mtundu na muva tuiache isimame. Mtundu huchanua kabla ya mvua, muva huchanua kati ya Januari na Mei, na asali yetu inatoka humo. Kuikata miti hiyo ili upate mzinga ni kuwafukuza wageni huku unawajengea nyumba.

Ukuta

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Chukua gogo la mninga lililokwisha kumenywa, lenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 35. Ukuta ukiachwa na unene wa sentimita 4, gogo likikauka litakuwa na kilo 23 hivi bila mifuniko. Ukichongwa hadi sentimita 2.5, uzito unashuka hadi kilo 15 hivi, na nafasi ya ndani inapanda kutoka lita 57 hivi hadi 70 hivi. Kwa tezo peke yake, fundi amekupunguzia kilo 8 za kubeba na kukuongezea lita 13 za masega.

Chini ya sentimita 2 usishuke. Ukuta mwembamba kupita kiasi hupasuka wakati wa kiangazi na kuingiza joto la mchana. Nta hulainika, masega mazito hukatika, na nyuki wetu hawavumilii usumbufu: huhama.

Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia ncha moja hadi nyingine. Mlio uwe mmoja. Ukizama, hapo pana unene ulioachwa. Ukitetema, pana ufa. Kisha pitisha kiganja kwa ndani, hasa katikati, mahali tezo inapofika kwa taabu. Mizinga iliyopasuliwa nusu mbili, ikachongwa na kufungwa tena, ni rahisi kusawazisha, lakini kagua maungio yake. Nusu hizo zikutane mti kwa mti, bila udongo wa kuziba pengo.

Jaribio la mwanga

Funga mfuniko mmoja, uelekeze kwenye jua, uchungulie kwa upande ulio wazi. Mwanga upite kwenye matundu ya kuingilia tu. Kila ufa mwingine ni mlango wa sisimizi na nondo wa nta, na nyuki watapoteza siku nyingi wakiuziba kwa gundi yao badala ya kukusanya asali.

Matundu yawe upande mmoja, na mfuniko wa upande wa pili uwe wa kufunguka kwa urahisi. Nyuki hupenda kulea majana karibu na mlango na kuweka asali mbali nao. Mrina anayefungua kwa nyuma huchukua asali na kuacha watoto salama. Mzinga wenye mfuniko mmoja tu, ule wa mlangoni, humlazimisha kupita kwenye majana. Huo usinunue hata ukiwa mwepesi kama gome.

Mahali pa kuning'iniza

Fundi hodari hapunguzi unene pale waya unapokaa, wala kwenye midomo ya gogo. Uning'inize mzinga kwa kamba kabla ya kulipa uone kama unalala sawa. Ukiinama ukiwa mtupu, ukijaa asali utainama zaidi. Na waya ukilegea, nyegere hatakosa kuugundua.

Mizinga mingine

Mzinga wa gome ndio mwepesi kuliko yote, na ndio ninaoukataa. Gome la muva au myombo huvuliwa mzunguko mzima. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, kwa hiyo mti huo hufa ukiwa umesimama. Miaka michache baadaye mzinga wenyewe umeoza, na mti mwingine unavuliwa. Mzinga wa sanduku wenye viunzi vya juu ni chaguo la heshima: mbao hutumika kwa uangalifu na ukaguzi ni rahisi. Viunzi vyake viwe na upana wa milimita 32. Vikizidi au kupungua, masega huungana ovyo.

Kwa gogo, ushauri wangu ni huu. Mwambie fundi afungue mifuniko yote miwili, gonga, chungulia, ning'iniza, ndipo mzungumze bei. Akikutajia zaidi kwa gogo jembamba lililosawazishwa, usimpunje. Gogo nene ni rahisi kulitengeneza. Unachonunua ni saa alizotumia na tezo.