Sitiari ya Mzazi katika Jedwali Linalojirejelea: Uhakiki kwa Mfano wa Busiu, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri
Makala haya yanahakiki matumizi ya neno "mzazi" katika majedwali ya hifadhidata yanayojirejelea. Kwa mfano wa Busiu, wilayani Mbale, yanadai kwamba sitiari hiyo huficha wakati, hata swali lililoandikwa bila kosa likatoa jibu la kupotosha.

1.0 Utangulizi
Mabaraza ya Uganda yana ngazi tano: kijiji, parishi, kaunti ndogo, kaunti na wilaya. Ngazi zote zaweza kuhifadhiwa katika jedwali moja. Kila safu mlalo huwa na kitambulisho chake pamoja na kitambulisho cha mzazi, yaani kitengo kilicho juu yake katika jedwali hilohilo. Mfumo wa DHIS2, unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Uganda, umepanga vitengo vyake kwa muundo huu.

2.0 Nguvu ya Muundo
Ili kumpata mzazi wa Busiu, jedwali huunganishwa na lenyewe kwa kupewa majina mawili ya muda. Muungano mmoja hupanda ngazi moja tu. Swali la kujirudia, lililoingizwa katika kiwango cha SQL cha mwaka 1999, huondoa kikwazo hicho: sehemu ya kwanza huchagua kitengo cha kuanzia, ya pili huleta watoto wa vitengo vilivyokwisha kupatikana, na kazi hukoma pasipopatikana safu mpya. Hivyo vijiji vyote vya Mbale hupatikana kwa swali moja, hata ngazi ziwe ngapi.

3.0 Udhaifu wa Sitiari
Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka: nasaba haihamishwi. Vitengo vya utawala huhamishwa. Sironko ilitengwa na Mbale mwaka 2000, Manafwa mwaka 2005, na Jiji la Mbale likaanza mwaka 2020. Busiu haikuhama. Mnyororo wake huishia Mbale leo kama ulivyoishia mwaka 1999, lakini Mbale inayofikiwa si ileile. Anayetafuta jumla ya chanjo za Mbale za mwaka 2004 kwa kupitia mti wa leo huvikosa vijiji vya Manafwa, ingawa wakati huo vilihesabiwa humo. Programu haionyeshi kosa lolote. Baraza likilinganisha jumla hiyo na ripoti ya zamani, laweza kumlaumu karani aliyehesabu sawasawa, au kupanga bajeti kwa kufuata ongezeko ambalo halikuwapo.

Baadhi ya wasanifu huongeza safu wima inayotunza njia nzima kutoka kileleni. Hatua hiyo huharakisha usomaji tu. Wilaya inapogawanywa, njia za vitengo vinavyohamishwa, pamoja na vilivyo chini yao, huandikwa upya, na njia za awali hupotea.

4.0 Hitimisho
Uhusiano huu unastahili jedwali lake lenyewe, lenye kitengo, kitengo kikuu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Swali la kujirudia hubaki lilelile, ila katika kila hatua huuliza pia siku inayohusika. Gharama yake ni kuhakikisha kwamba vipindi vya kitengo kimoja havipishani. Kwa upande wa istilahi, "kitengo kikuu" lafaa kuliko "mzazi", kwa kuwa ukuu wa utawala una mwanzo na mwisho, na uzazi hauna mwisho.