Kabla na Baada ya Sekunde Moja
Moyo wa mtoto mchanga hauzidi sana ukubwa wa ngumi yake, na hudunda mara 120 hadi 160 kwa dakika. Mishipa anayotaka kuiona daktari wa upasuaji, mingine ina upana wa milimita mbili tatu tu. Mashine za kisasa za CT scan humaliza kuupiga moyo huo picha kwa muda usiofika sekunde moja, na sifa zote huenda kwa mashine. Mimi nawastaajabia zaidi wanaoiandaa sekunde hiyo.

Kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo, ndicho hutangulia. Hakina mionzi, na huonyesha vizuri matundu na vali. Lakini mawimbi yake hayapenyi hewa, na mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo matawi ya mshipa wa mapafu na sehemu za tao la aota hujificha. Hapo ndipo CT scan huitwa.

Mama huombwa acheleweshe kidogo kumnyonyesha mtoto, kisha amnyonyeshe karibu na zamu yake. Mtoto akishiba huviringishwa shuka, taa zikapunguzwa. Akilala fofofo, mara nyingi dawa ya usingizi haihitajiki. Dawa ya kung'arisha mishipa huwa kama mililita mbili kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo nne hupata kiasi kisichojaza vijiko viwili vya chai. Hata mkono wa kuchomwa huchaguliwa: dawa ikipitia wa kushoto, mng'ao wake huweza kufunika mishipa inayochipuka kwenye tao la aota.

Kisha kuna hewa. Kwa mtu mwingine, kiputo kidogo kikiingia kwenye mshipa huishia mapafuni. Kwa watoto wengi waliozaliwa na kasoro za moyo, damu ya kulia huvuka kwenda kushoto bila kupita mapafuni, na kiputo hicho hicho chaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mteknolojia mzuri huuinua mpira wa dawa kwenye mwanga, akaugonga kwa kidole, akautazama tena hata kama mwenzake ameshautazama. Hakuna picha itakayoonyesha kazi hiyo, na ripoti haitaitaja.

Picha zikishatoka, daktari anayezisoma haanzi na moyo. Anaanza na ini, tumbo, wengu na njia za hewa, ajue kwanza mwili umepangwaje. Chumba cha chini kiitwacho cha kulia hakitambuliwi kwa kukaa kulia, maana chaweza kukaa kushoto. Hutambuliwa kwa kuta zake zenye mikunjo minene ya misuli na ukanda wa nyama unaokatiza ndani. Aota, kwa kawaida, ni ule mshipa unaozaa mishipa ya korona, popote ulipochomoza. Utaratibu huu ulijengwa na watu kama Richard Van Praagh wa Boston, waliotumia miaka mingi kuchunguza mioyo yenyewe mkononi, na sioni njia ya mkato inayoweza kuchukua nafasi yake.

Chukua ugonjwa wa Fallot, ulioelezwa na daktari Mfaransa wa jina hilo mwaka 1888. Kasoro zake nne eko huziona. Ila kwa baadhi ya watoto kuna mshipa wa korona unaokatiza mbele ya njia ya damu ya mapafuni, mahali hasa ambapo kisu kingepita. Ukikatwa, misuli ya moyo hukosa damu. Msomaji aliyeufuata mshipa huo kipande kwa kipande, katika picha nyembamba kuliko milimita moja, hubadilisha mpango wa upasuaji kabla kifua hakijafunguliwa.

Wazazi nao wana sehemu katika maandalizi haya. Wengi wao nchini Tanzania hutoka mikoa ya mbali na rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kama mwanao alishapigwa CT scan kwingine, beba CD ya picha zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Picha zisipopatikana, huenda mtoto akalazimika kupigwa mionzi upya.