Sifa kwa Seremala wa Ndege-Mashua

Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza wamesifiwa vya kutosha. Mimi namsifu seremala. Katika ndege-mashua za doria za Ufaransa, kazi iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa yake: kuunda chombo ambacho bahari inakitaka kiwe imara na anga inakitaka kiwe chepesi. Aliyeyapatanisha matakwa hayo mawili alikuwa na randa mkononi.

Henri Fabre aliporuka kutoka majini tarehe 28 Machi 1910, katika wangwa wa Berre karibu na Marseille, ndege yake ilikaa juu ya maboya. Miaka miwili baadaye François Denhaut akathubutu zaidi: akaufanya mwili wenyewe wa ndege kuwa mashua, yenye mkuku, mataruma na ubavu wa mbao nyembamba. Hapo ndipo ufundi wa pwani ulipoingia angani.

Tazama tumbo la chombo hicho. Maji hung'ang'ania ubao uliolainishwa. Kadiri mashua inavyokwenda kasi ndivyo yanavyoivuta chini, na injini yaweza kunguruma hadi mafuta yaishe chombo kisiinuke. Dawa yake ilikuwa kulikata tumbo hilo liwe na kidato, sehemu ya mbele ikikaa chini na ya nyuma ikipanda kidogo. Hewa ikipenya nyuma ya kidato, maji huachia, na mashua huteleza kwenye uso wa bahari mpaka mabawa yaibebe. Kidato kikiwekwa pasipo pake, chombo huanza kudundadunda na rubani hana la kufanya. Naona huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa: mkato mmoja katika mbao, na safari yote inautegemea.

Mwaka 1917 Ujerumani ilipoachilia nyambizi zake dhidi ya meli zote, Ufaransa ilihitaji macho juu ya bahari. Miongoni mwa ndege zilizotoka karakana mwaka huo ni ile ya Georges Lévy, G.L.40. Ilichukua watu watatu, na mabawa yake yalizidi mita 18. Injini ya Renault, yenye nguvu za farasi zipatazo 300, ilipachikwa juu, kati ya mabawa, rafadha ikitazama nyuma ili povu la mawimbi lisiifikie. Doria zilikuwa ndefu na za kuchosha. Injini ikizimika mbali na pwani, watu hao walibaki na mbao za seremala, pamoja na njiwa ambao marubani wa majini walikuwa wakiwabeba ili wapeleke habari bandarini.

Thamani ya mwili unaoelea ilikuwa imeonekana hata kabla ya hapo, upande wa adui: tarehe 15 Septemba 1916, katika Bahari ya Adriatiki, ndege-mashua mbili za Austria-Hungaria zilikuwa zimeizamisha kwa mabomu nyambizi ya Kifaransa iitwayo Foucault. Kisha zikatua majini kuwaokoa waliokuwamo. Mabaharia wale walijishikilia kwenye ndege za adui zao mpaka msaada ulipofika, na wote walisalimika. Ndege ya magurudumu ingezunguka juu yao tu na kuondoka.

Vita vilipokwisha, ndege ya Lévy ilipata kazi nyingine, na kwangu hii ndiyo bora zaidi. Mwaka 1920 Wabelgiji walianzisha Kongo huduma ya ndege iliyopewa jina la Mfalme Albert, kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kupanda na mto. Hakukuwa na haja ya kufyeka msitu ili kupata viwanja: mto wenyewe ulikuwa uwanja. Mwaka 1921 njia hiyo ilifika Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwaka 1922 ilifungwa.

Miaka miwili ni michache, lakini ufundi haupimwi kwa umri wa kampuni. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya bahari ya Ulaya kilitua na kuruka kwenye mto wa ikweta, kwa tumbo lilelile la mbao na kidato kilekile. Msomaji wa Kisangani, huduma ya kwanza ya ndege kufika mjini kwako ililetwa na mashua ya mbao, ya aina iliyobuniwa Ufaransa ili kuwinda nyambizi.