Mizani ya Mpishi wa Nyangwe

Wafinyanzi wa soko la Nyangwe, katika Maniema ya Kongo, hawakuwa na haja ya kuzisifu bidhaa zao kwa maneno mengi. Walikishika chungu, wakakipiga kwa kiganja pande zote kikalia, na mnunuzi akasikia kwa sikio lake kwamba hakina ufa. David Livingstone, aliyefika hapo mwishoni mwa Machi 1871 na kukaa ukingoni mwa mto Lualaba hadi Julai, aliandika habari hiyo katika shajara yake, akastaajabia vyungu vilivyoviringana sawasawa bila mashine yoyote. Aliona pia soko la watu wapatao 3000, wengi wao wanawake, wengine wametembea maili 20 na zaidi, na mizigo ya mihogo, mawese, chumvi, pilipili, samaki na kuku. Tarehe 15 Julai watu wenye bunduki walilifyatulia risasi soko hilo, na mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa maji ya mto. Nyangwe imeingia vitabuni kwa siku ile, na ni haki ikumbukwe. Ila waliouawa hawakutoka nyumbani ili waingie vitabuni. Walikuwa wanatafuta cha kupika jioni. Ufundi uliowangoja jikoni haujaandikwa sana, nami nataka kuusifu.

Siku hizi ufundi huo umepata mpinzani mwenye adabu, naye ni jedwali. Mwaka 2010 kampuni ya Philips ilionyesha mjini Berlin kikaango cha hewa, kilichotokana na wazo la Mholanzi Fred van der Weij, na tangu hapo vikaango vya aina hiyo vimeenea katika majiko ya miji mingi. Kila kimoja huja na kadi yake. Vipande vya viazi, digrii 200, dakika 15 hadi 20. Mapaja ya kuku, digrii 190, dakika 25 hivi. Minofu ya samaki, digrii 180, dakika 10. Ndani ya chombo kuna waya wa moto na feni. Hewa kavu huzunguka kwa kasi, hufukuza unyevu juu ya chakula, na joto la juu juu likipita kama digrii 140, protini na sukari hushikana, rangi ya kahawia ikatokea pamoja na ile harufu inayowaita watoto waliokuwa nje.

Kadi hiyo haisemi uongo. Inasema kweli yenye masharti: viazi viwe vimekatwa kwa unene mmoja, kuku awe wa wiki chache aliyekuzwa bandani, na umeme wa wati 1500 hivi usilegee. Masharti yakitimia, namba inatosha, na mtu asiyejua kupika atakula vizuri. Mpishi wa Nyangwe hana hata sharti moja kati ya hayo. Kuku wake amekimbia uani mwaka mzima. Muhogo wake wa leo umetoka shamba jingine, si lile la jana. Moto wake ni kuni za mti huu au ule, mbichi kidogo au kavu kabisa, ama makala (mkaa) ndani ya jiko liitwalo mbabula, ambayo huanza kwa hasira, hutulia, kisha hufifia. Kwa hiyo hapimi moto kwanza halafu chakula. Anavipima vyote viwili kwa pamoja, na kipimo chake kiko ndani ya chungu.

Tuanze na moto, kwa sababu wengi hudhani kuni hazina kidhibiti. Zinacho, nacho ni mkono. Kwenye mafiga matatu, magogo hutazamana kwa ncha katikati. Ukiyasukuma ndani, moto unapanda. Ukiyavuta nje, unashuka. Ukiacha makaa peke yake, unapata joto la polepole linalofaa maharagwe. Kwenye mbabula, makala hutawanywa au kukusanywa, na jivu likinyunyizwa juu huyazuia yasipate hewa, moto ukalala bila kufa. Mpishi hupitisha kiganja juu ya jiko, na kwa muda anaoweza kuvumilia hujua kama ni wakati wa kukaanga au wa kuchemsha. Hapo hakuna muujiza. Ni elimu iliyokaa mwilini, kama ilivyokaa elimu ya mpiga makasia wa Kigenya anayeijua kasi ya Lualaba kwa uzito wa kasia.

Chukua ugali wa muhogo, au bugali kama tunavyosema Maniema. Wanga wa muhogo huanza kuvimba na kunata katika joto la digrii 60 hadi 70 hivi, chini sana ya maji yanayochemka. Ndiyo maana bugali wa muhogo huiva haraka kuliko wa mahindi, na ndiyo maana kazi yake haiko katika kungoja bali katika kusonga. Unga ukimiminwa bila mkono imara, kila donge hujifunga ngozi nje na kubaki na vumbi ndani, na hata ukiliacha motoni saa nzima halitaiva. Mpishi hasemi dakika ngapi. Anasema bugali umeiva ukiwa unaachana na sufuria, ukiwa na mng'ao, harufu ya unga mbichi imekwisha, na mwiko umekuwa mzito kwa namna inayojulikana begani. Hizo ni dalili nne, na moja ikikosekana anaendelea kusonga.

Wali una historia yake hapa. Mpunga ulipandwa sana Maniema na waungwana na wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Tabora katika karne ya 19. Jeshi la Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, lilipoiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, kisha Kasongo mwezi Aprili, daktari wake Mwingereza, Sidney Hinde, alikuta mashamba na bustani zilizomshangaza, mpunga ukiwamo. Hadi leo Maniema ni nchi ya mchele. Pwani walikotoka waungwana wale, mpishi hupalia: maji yakikaribia kukauka hupunguza moto chini, hufunika sufuria, kisha huweka makaa juu ya kifuniko. Joto huja juu na chini, mvuke humalizia kazi, na wali unatoka umechambuka. Anayeshangaa leo kwamba kuna chombo kinachopika kwa kukizunguka chakula na joto pande zote, angemuuliza bibi yeyote wa pwani kuhusu mkate wa kumimina. Bara, penye migomba, jani lake chini ya kifuniko huuzuia mvuke usitoroke. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini kokote uendako, wali husikilizwa. Maji yakiwa mengi chungu hububujika, yakipungua hutoa mlio mkavu wa kutatarika, na sauti hiyo ndiyo amri ya kupunguza moto.

Samaki naye ana njia mbili zinazopingana, na kuzijua zote mbili ni ufundi. Kambale wa Lualaba akifungwa katika majani pamoja na chumvi, pilipili na kitunguu, kisha akalazwa juu ya makaa, hupikwa kwa maji yake mwenyewe. Jani likiwa bado bichi, ndani hapapiti kiwango cha maji kuchemka, hata makaa yakiwa makali mno. Jani ndilo kidhibiti joto. Likianza kuungua kingo na kunukia, maji yake yanakwisha na samaki ameiva. Ukichelewa, ulinzi umeondoka. Yule wa kukaushwa kwa moshi anataka kinyume chake. Moto ukiwa mkali mwanzoni, ngozi hukauka na kufunga unyevu ndani, na siku chache baadaye samaki anaoza katikati huku nje anaonekana mzima. Kwa hiyo huwekwa juu ya moto mdogo, kwa muda mrefu, akigeuzwa, mpaka uzito wake mkononi uwe umepungua vya kutosha kusafiri hadi Kasongo au Kindu.

Kuku wa uani hajali kadi kabisa. Wataalamu wa afya wanashauri nyama ya kuku ifike digrii 74 ndani, na kuku laini wa bandani akifika hapo yuko tayari. Jogoo wa Nyangwe akifika digrii 74 ni salama, lakini meno hayamwezi. Misuli iliyofanya kazi imefungwa kwa nyuzi ngumu ambazo huyeyuka kwa muda mrefu ndani ya maji ya moto, si kwa ukali wa moto. Huchemshwa hadi paja lizunguke lenyewe kwenye kiungo, ndipo aingie kwenye mawese. Mawese nayo yana mpaka wake: yakiachwa motoni hadi wekundu upauke, ile rangi iliyopotea ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mpishi mzuri huyapasha yanukie, akaweka kitunguu kabla moshi haujatawala.

Lakini mahali ambapo mpishi huyu anastahili sifa kuu ni kwenye muhogo, kwa sababu hapo kukosea si kuharibu ladha tu. Jani na mzizi wa muhogo, hasa ule mchungu, vina sumu ya sianidi iliyofungwa ndani ya seli. Mmea huohuo una kimeng'enya kinachoifungua, ila vimetenganishwa. Kinu ndicho kinachovikutanisha. Sombe, yaani majani ya muhogo, ikitwangwa sawasawa, seli hupasuka, sumu hufunguka, na kwa kuwa sianidi hugeuka mvuke katika joto la digrii 26 tu, huondoka hewani na katika chungu kilichoachwa wazi. Moto mkali ukitangulia kinu, huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na sehemu ya sumu hubaki imefungwa. Hapa mfuatano unazidi dakika kwa umuhimu: kwanza mchi, kisha moto, kisha uvumilivu mrefu, na mawese baadaye. Hakuna digrii inayoweza kusahihisha mfuatano uliopinduliwa.

Mzizi mchungu hulowekwa. Siku 3 au 4 ndani ya maji kwa kawaida, zaidi kidogo maji yakiwa ya baridi, mpaka kidole kikiubonyeza kizame na ganda libanduke lenyewe. Kisha hukaushwa juani, hutwangwa, huchekechwa. Kipimo ni kidole, na kidole hakina haraka. Gharama ya haraka tunaijua kutoka upande mwingine wa nchi yetu. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, unaopoozesha miguu ghafla na kwa maisha yote, hasa ya wanawake na watoto. Miongo mingi baadaye watafiti waliofanya kazi Bandundu waliona kwamba mahitaji ya muhogo wa kuuzwa Kinshasa yalipokua, na barabara ikawa nzuri, familia nyingi zilifupisha kuloweka kutoka siku 3 hadi siku 1. Kwa nyumba zilizokuwa na uhaba wa nyama, samaki na maharagwe, siku mbili zilizookolewa zililipwa kwa miguu. Wale mama hawakusahau elimu yao. Walibanwa na soko na umaskini mpaka kidole kikanyamazishwa na kalenda ya lori.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mpishi wa kijijini anapika kwa kubahatisha. Anayebahatisha hawezi kulisha ukoo mzima kwa mmea wenye sumu, mwaka hadi mwaka, watu wakaamka wazima. Vilevile sikubaliani na wanaoicheka namba. Namba husafiri, na mkono hausafiri peke yake. Chukua mama wa Maniema aliyehamia Bukavu, mji ulioko kama mita 1500 juu ya bahari. Maji yanayochemka kando ya Lualaba karibu na digrii 98 au 99, kule huchemka kwenye 95 hivi, kwa maana kila mita 300 za kupanda hupunguza takribani digrii moja. Maharagwe yake yatachelewa, naye atalaumu maharagwe au kuni. Anayejua namba humweleza sababu. Hata hivyo, tazama atakachofanya kabla hajaelezwa: atachukua punje moja, ataiminya kati ya vidole viwili, ataona kiini kigumu, na ataongeza maji. Punje imemwambia yote aliyohitaji ili watoto wale vizuri.

Elimu hii hupokewa kwa kukaa karibu. Binti akiuliza, "Mama, bado?" mara nyingi hapewi dakika, anapewa mwiko. Anaambiwa aonje, anuse, asikilize. Anayefundishwa hivyo hujifunza polepole, na ataunguza sufuria zaidi ya moja. Lakini akishajua, huwezi kumbabaisha kwa kumbadilishia sufuria, kuni, au hata nchi. Mpe kikaango cha hewa huko Ubelgiji au Kanada, na ndizi ya kupika iliyoanza kuiva: kadi itampa muda mmoja wa ndizi, naye ataona kwamba ganda lenye madoa meusi lina sukari nyingi, ataondoa dakika chache, na haitaungua. Kadi imemsaidia, naye amemaliza kazi ambayo kadi haikuiweza.

Ningependa basi wanaoandika vitabu vya mapishi kwa Kiswahili waandike safu mbili. Ya kwanza iwe ya joto na dakika, kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya usalama. Ya pili iwe ya dalili: mlio, harufu, uzito wa mwiko, kidole kinachozama. Na kwa sombe na muhogo mchungu waongeze ya tatu, ya mfuatano, yenye sababu zake. Safu ya pili na ya tatu wasizitunge mezani. Waende Nyangwe, Kasongo na Kabambare, wakae jikoni na wanaozijua, na majina ya mama hao yawekwe kwenye jalada, si kwenye shukrani za ukurasa wa mwisho.