245 Kwenye Ringi ya Saba na Nusu

Mark X ya kizazi cha kwanza, ile iliyoundwa na Toyota kati ya 2004 na 2009, kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Yenye injini ya lita 2.5 ina nguvu za farasi 215, na zote hufika kwenye lami kupitia vipande viwili vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Si ajabu basi kwamba vijana wa Likoni wakishabadilisha ekzosi na kushusha springi, kinachofuata ni tairi pana nyuma. Na kwa kuwa seti ya ringi ni hela nyingi, gereji huulizwa kila mara swali moja: tairi pana itakaa kwenye ringi ileile ya kiwandani?

Kazi ninayoichambua ilifanywa kwenye gereji moja kando ya barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Gari lilikuja na 225/45R18 pembe zote nne. Mwenyewe alitaka 245 nyuma na alishaongea na muuzaji. Fundi alifungua gurudumu moja, akalilaza, akafuta vumbi la breki kwa ndani mpaka maandishi yakaonekana: 18×7½J. “Mwanangu,” akamwambia, “hii saba na nusu ndiyo yenye neno. Si mimi wala si muuzaji wako.”

Saba na nusu ni inchi, kipimo cha ndani kutoka ukingo mmoja wa ringi hadi wa pili, pale midomo ya tairi inapokaa. Ni milimita 190 hivi. Kila saizi ya tairi ina upana wa ringi inaoukubali, na viwanda huuchapisha kwenye majedwali yao. 225/45 inakubali inchi 7 hadi 8½. 235/45 na 245/45 zote zinaanzia 7½ na kuishia 9. Lakini 245/40 inaanzia 8. Watu wengi hudhani upana wa tairi ndio pekee unaohesabika, kumbe ile namba ya baada ya mkwaju nayo ina uzito wake: ubavu ukiwa mfupi, mpira wa kukunjika kuelekea ndani ni mchache, na ringi nyembamba huulazimisha ukunjike pasipotakiwa.

Hapo ndipo penye mtego. 225/45R18 ina kimo cha milimita 660. 245/45, inayokubalika kwenye saba na nusu, ina 678, yaani imezidi kwa asilimia 2.7. 245/40 ina 653, karibu sawa na ya awali, lakini ndiyo hasa inayokataliwa na ringi. Inayoingia ni ndefu mno. Yenye kimo kizuri haiingii.

Asilimia 2.7 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kompyuta ya breki inalinganisha mizunguko ya magurudumu yote manne muda wote. Tairi ndefu nyuma huzunguka polepole kuliko za mbele hata gari likiwa limenyooka, na nyuma ikianza kuteleza, sehemu ya mtelezo hufichika ndani ya tofauti hiyo. Mtu atakwambia Lexus IS 350 ya enzi hizo ilitoka kiwandani na 225/40 mbele na 255/40 nyuma, tofauti ya karibu asilimia 4. Ni kweli, na ni ndugu wa Mark X kwa jukwaa la chini. Ila Toyota waliifundisha kompyuta ya gari lile hesabu hiyo tangu mwanzo, na ringi ya nyuma wakaipa inchi 8½. Hawakuibana tairi ya 255 kwenye ringi ya mbele.

Kisha kuna upana wenyewe. Namba ya ubavuni hupimwa kwenye ringi maalum ya kipimo, si yako. 245/45 hupimwa kwenye ringi ya inchi 8, na huko ina milimita 243. Kila ringi ikipungua nusu inchi, tairi husinyaa kwa milimita 5 hivi. Kwenye saba na nusu inabaki 238. Mteja analipia milimita 20 za ziada na kuondoka na 13. 235/45 nayo, yenye 236 kwenye ringi ya 8, inashuka hadi 231: nyongeza ya 6, tatu kila upande. Haivutii macho, lakini iko ndani ya jedwali, na kimo chake cha 669 kimezidi kwa asilimia 1.4 tu.

Tairi iliyobanwa huvimba katikati. Kingo za uso wake zinainuka, mstari wa kati unabeba mzigo na kulika kwanza, na kwenye kona ubavu unayumba kabla ya kushika. Dawa ya mtaani ni kupunguza upepo ili uso ulale. Mimi naiogopa dawa hiyo kuliko ugonjwa. Eneo la mpira linalogusa lami huamuliwa zaidi na uzito wa gari na upepo uliomo kuliko upana. Upana hubadilisha umbo tu, ukilitanua kwa ubavu na kulifupisha kwa urefu. Umbo fupi na pana hupasua maji kwa shida. Mwaka 1963 watafiti wa NASA waliochunguza tairi za ndege walionyesha kwamba kasi ya tairi kuanza kuelea juu ya maji yaliyotuama hufuata kipeuo cha pili cha upepo. Kwa kanuni yao, psi 32 inatoa kilomita 94 kwa saa. Shusha hadi 26, unapata 85. Tairi iliyolika hufuata hesabu hiyo kwa karibu sana. Sasa fikiria masika, na maji yaliyosimama njiani ukielekea Waa au Tiwi.

Uamuzi ukawa 235/45R18, kiwango cha mzigo 94, yaani kilo 670 kwa kila tairi, dhidi ya 615 za tairi ya zamani yenye 91. Fundi alipaka maji ya sabuni midomoni, akatia upepo mpaka midomo yote miwili ikapiga mlio na kukaa, bila kuvuka psi 40, kisha akautoa hadi kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Akakagua mstari mwembamba ulio juu ya ukingo wa ringi uwe sawa kuzunguka tairi nzima. Hatua hiyo wengi huiruka, halafu wanalaumu balansi.

Nafasi ya kwenye madigadi aliipima kwa chaki. Alipaka ndani ya plastiki ya juu na ukingo wa bodi, akamtuma mwenye gari feri na abiria watatu nyuma. Ni jaribio ambalo gereji ya Nairobi haina. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa, njia ya kupandia kutoka kivukoni inasimama sana, na gari lenye mzigo hukalia mkia wake kabla ya kufika juu. Chaki ya ukingoni ilirudi nzima. Ya juu ilikuwa imefutika mahali pamoja upande wa kushoto. Milimita nne na nusu za kimo kilichoongezeka kuelekea juu peke yake hazingefika pale. Zilikutana na springi zilizokatwa. Springi za kiwandani zilirudishwa, jambo ambalo kijana alilipokea kwa shingo upande.

Mwenye Subaru WRX asiige chochote hapa. Gari linalovuta kwa magurudumu manne likivaa kimo tofauti mbele na nyuma, difu ya kati hufanya kazi kila mita ya safari, hata barabara ikinyooka, na kuitengeneza hakulingani na bei ya tairi nne.

Kwenye Mark X yapo mawili ya kuzoea. Tairi haziwezi tena kubadilishana mbele na nyuma ili zilike sawa. Na mshiko ukiongezwa nyuma peke yake, pua ndiyo huanza kuteleza nje ya kona, hivyo tairi za mbele zisiachwe zizeeke. Anayeing'ang'ania 245 atafute ringi za nyuma za ile Lexus: matundu ni yaleyale matano ya 114.3, na kwenye inchi 8½ tairi ya 245/40 inakaa bila kubanwa, kimo kikiwa pungufu kwa asilimia 1 tu. Kabla ya kulipa, apime nafasi ya ndani kuelekea shokamzoba, maana inchi nzima ya ziada lazima ipate pa kukaa.